Mchungaji Aliyepitia Dirishani: Historia ya Parokia katika Riwaya ya John Galt

Utangulizi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili kazi ya kuandika historia ya kijiji anakotoka kila mmoja, kwa Kiswahili, kurasa tano. Kazi zilirudi zikiwa safi kisarufi. Hata hivyo, tulipozisoma mfululizo tuligundua jambo lililotutia wasiwasi: vijiji vyote vilifanana. Kila kijiji kilikuwa na "hali ya hewa nzuri", "wakazi wakarimu" na "mazao ya chakula na ya biashara". Wapo hata waliotaja minazi na upepo mwanana wa pwani, ilhali wamezaliwa na kukulia kwenye migomba, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kazi moja tu ilikuwa na uhai. Mwanafunzi huyo alieleza jinsi barabara ya kijiji chake ilivyolimwa kwa bulungi bwansi, jinsi ngoma ilivyopigwa alfajiri, na jinsi mtu mmoja alivyojificha ili asishike jembe. Nasi, kwa kalamu nyekundu, tukakata bulungi bwansi na kuandika juu yake "kazi za kujitolea".

Sahihisho hilo lilitusumbua baadaye. Aliyeitwa na ngoma ile hakuwa amejitolea. Aliitwa, na asiyekwenda alijulikana. Je, tulisahihisha kosa, au tuliingiza kosa mahali ambapo halikuwapo?

Tulipokuwa tukijiuliza hayo ndipo tulipoirudia riwaya moja ya zamani, Annals of the Parish, yaani kumbukumbu za parokia za mwaka hadi mwaka, iliyoandikwa na Mskoti John Galt na kuchapishwa mwaka 1821. Ni riwaya inayojifanya kuwa historia ya parokia moja ya mashambani huko Uskoti. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki kama maandishi kuhusu mahali. Dai letu ni kwamba Galt alifaulu kuiandika parokia ndogo kwa sababu mbili: alimwacha msimulizi aonekane pamoja na upungufu wake, na aliyaacha maneno ya mahali pale yakae ndani ya sentensi. Tutaonyesha pia mahali ambapo mbinu hiyohiyo inamwangusha.

Parokia ya Kiskoti

Msomaji wa hapa Uganda asidanganywe na neno. Tukisema parokia, Mkatoliki atafikiria kanisa na padri wake. Mwingine atafikiria muluka, ile ngazi ya utawala iliyo kati ya kijiji na gombolola, ambayo tangu mwaka 2022 imetajwa sana kutokana na mpango wa serikali wa kupeleka maendeleo katika ngazi hiyo. Parokia ya Uskoti ya karne ya 18 ilikuwa mambo hayo mawili kwa pamoja. Tangu Mageuzi ya Kanisa ya mwaka 1560, kanisa la nchi lilikuwa la Kiprotestanti, na baadaye mfumo wa Kipresbiteri ukashinda. Mchungaji na wazee wake walisimamia ibada na mienendo ya watu, na wao ndio waliogawa msaada kwa maskini. Sheria ya mwaka 1696 iliwataka wenye ardhi wa kila parokia watoe nyumba ya shule na kumlipa mwalimu. Sheria nyingine, ya mwaka 1669, iliwataka wakazi watoe siku kadhaa za kazi kila mwaka kutengeneza barabara. Msomaji atatambua hapo ndugu wa mbali wa bulungi bwansi.

Jambo moja la kisheria ni muhimu sana kwa kuielewa riwaya hii. Sheria ya mwaka 1712 ilirudisha haki ya bwana mwenye ardhi ya kumteua mchungaji wa parokia, watu watake wasitake. Waumini wengi waliichukia sheria hiyo. Ugomvi juu ya nani amchague mchungaji ulichangia sana kulipasua kanisa hilo mwaka 1843, na haki hiyo ya mabwana haikufutwa hadi mwaka 1874.

Parokia ya riwaya inaitwa Dalmailing. Haimo katika ramani yoyote, lakini udongo wake ni wa kweli. Iko Ayrshire, jimbo la magharibi mwa Uskoti linaloitazama bahari. Upepo wa Atlantiki huleta mvua nyingi, majani humea vizuri, na kwa hiyo nchi hiyo imejulikana kwa ng'ombe wa maziwa na kwa jibini, ikiwamo jibini iliyopata jina kutoka parokia ya Dunlop. Chini ya majani hayo kuna makaa ya mawe. Mji wa bandari ulio karibu na Dalmailing unaitwa Irville, na hapo Galt hakujificha sana, kwani ndio Irvine alikozaliwa yeye mwenyewe mwaka 1779. Kabla ya Glasgow kujijengea bandari yake mwaka 1668, bidhaa zake nyingi zilipitia Irvine. Kilomita chache kutoka Irvine kuna kijiji cha Dreghorn, chenye kanisa la pembe nane lililojengwa mwaka 1780, na wahakiki wengi husema kwamba Dalmailing imechorwa kwa kuitazama Dreghorn. Msomaji asiyewahi kusikia jina la Dreghorn pengine amesikia jina la mtoto wake mmoja: John Boyd Dunlop, aliyetengeneza tairi la upepo, alizaliwa huko mwaka 1840.

Maswali ya Sinclair

Galt hakuwa wa kwanza kuziandika parokia za Uskoti. Mwaka 1790 bwana mmoja aitwaye Sir John Sinclair, mbunge na mwenye ardhi kutoka kaskazini ya mbali, aliwapelekea wachungaji wa nchi nzima orodha ya maswali 160. Maswali 40 ya mwanzo yalihusu jiografia: mahali parokia ilipo, mito, milima, hali ya hewa, magonjwa. Maswali 60 yaliyofuata yalihusu watu: wangapi wanazaliwa, wangapi wanakufa, wangapi ni mafundi, wangapi wamehama. Baadaye yakaja maswali ya kilimo, bei, ujira, shule na maskini. Majibu ya parokia zaidi ya 900 yalichapishwa kati ya mwaka 1791 na 1799 katika mabuku 21, kwa jina The Statistical Account of Scotland.

Ni kazi kubwa ambayo hatuna budi kuiheshimu. Ni nchi chache sana zilizokuwa na maelezo ya aina hiyo wakati huo, na wanahistoria wanayatumia hadi leo. Hata hivyo, kama maandishi, mabuku hayo yana upungufu unaofanana na ule wa kazi za wanafunzi wetu. Kila parokia inajibu maswali yaleyale, na jibu linaelekea kuchukua umbo la swali. Aidha, anayejibu ni mtu mmoja tu, mchungaji, anayelipwa mshahara, anayekaa katika nyumba ya kanisa na, mara nyingi, aliyewekwa pale na bwana mwenye ardhi. Anapoandika kwamba watu wa parokia yake ni wachapa kazi na wameridhika na hali yao, nani amemuuliza mfumaji wa nguo au mjane? Mhesabuji hajihesabu. Msomaji haoni amesimama wapi, kwa hiyo hawezi kujua ni upande gani asiouona.

Hapo ndipo Galt alipopata nafasi yake. Alichukua umbo la mchungaji anayeandika habari za parokia, akamgeuza mchungaji huyo kuwa mhusika.

Msimulizi na dirisha lake

Mchungaji Micah Balwhidder anaihudumia Dalmailing tangu mwaka 1760 hadi 1810. Akiwa amestaafu anaketi kuandika, sura moja kwa kila mwaka. Fani ni hiyo tu. Hakuna msuko wa kupanda na kushuka kama tunavyowafundisha wanafunzi; kuna miaka inayofuatana. Galt mwenyewe alisema kwamba hakukusudia riwaya, bali historia ya kinadharia ya jamii, yaani jinsi mabadiliko makubwa yanavyoweza kuonekana katika mahali padogo.

Mwanzo tu tunamfahamu msimulizi. Anatueleza kwa fahari kwamba aliwekwa katika parokia siku ileile ambayo Mfalme George wa Tatu alianza kutawala. Kwake yeye hilo ni jambo zito, kana kwamba falme mbili zilianza pamoja. Kisha anasimulia siku yenyewe ilivyokuwa. Bwana mwenye ardhi amemteua, watu hawamtaki. Anakwenda kanisani akilindwa na askari. Njiani anarushiwa matope. Mlango wa kanisa umepigiliwa misumari, na yeye pamoja na wachungaji wenzake wanalazimika kupitia dirishani. Wakiwa ndani, mfumaji mmoja, Thomas Thorl, anasimama na kumkumbusha mbele ya wote maneno ya Injili juu ya yule asiyeingia zizini kwa mlango.

Tunaomba msomaji aangalie kinachofanyika hapa. Balwhidder anadhani anasimulia ushujaa wake na uvumilivu wake. Sisi tunasikia hukumu ya parokia nzima. Katika mabuku ya Sinclair, sentensi moja ingetosha kutuambia mwaka mchungaji alipowekwa na jina la aliyemteua. Galt anatupa dirisha, misumari na mfumaji, na kwa hayo tunaielewa sheria ya 1712 kuliko tungeielewa kwa kusoma kurasa kumi za historia ya kanisa. Na Galt hafanyi haraka kuwapatanisha. Mchungaji anakwenda nyumba kwa nyumba, milango inafungwa usoni pake, watoto wanamzomea. Anayemfungulia hatimaye ni Thomas Thorl yuleyule, na baada yake wengine wanafuata mmoja mmoja. Mchungaji aliyepitia dirishani anaruhusiwa na mfumaji kupita mlangoni.

Nguvu ya pili ya usimulizi huu ni mizani yake. Balwhidder hajui lipi ni kubwa na lipi ni dogo, kwa hiyo anayapima yote kwa mizani moja. Mwaka 1761 habari kubwa ni chai. Magendo yameenea pwani, chai imeingia vijijini, na wanawake wanakunywa kwa kificho huku mchungaji akiwakemea. Baadaye mke wake wa pili, Lizy Kibbock, binti wa mkulima hodari, anaigeuza nyumba ya mchungaji kuwa kiwanda kidogo cha siagi na jibini, majirani wanaiga, na uchumi wa parokia unabadilika kutokea jikoni. Mume analalamika kwamba hakuna utulivu nyumbani. Msomaji anaona kwamba mwanamke huyu amefanya zaidi ya bwana mwenye ardhi.

Bwana huyo, Lord Eaglesham, naye ana sehemu yake. Mwaka 1767 gari lake linapinduka kijijini katika kichochoro chembamba, naye anatupwa katika jaa la samadi. Kwa hasira anaapa kwamba barabara lazima ijengwe upya, na inajengwa. Tumecheka kila tulipoisoma sehemu hii, lakini ndani ya kicheko mna hoja ya kihistoria. Watu waliishi na barabara mbovu miaka mingi na kuitolea siku zao za kazi. Ilitengenezwa vizuri mwaka ambao bwana alichafuka. Hoja hiyo Balwhidder haitamki. Yeye anaona mkono wa Mungu ukiiletea parokia neema kupitia jaa.

Galt alijua pia kuitumia historia ya kweli ya nyumbani kwao. Mwaka 1769 Earl wa Eglinton, bwana mkubwa wa upande ule na mpenzi wa kilimo cha kisasa, alipigwa risasi karibu na Ardrossan na ofisa wa ushuru aitwaye Mungo Campbell, katika ugomvi juu ya bunduki. Katika riwaya Lord Eaglesham anauawa vivyo hivyo na ofisa wa ushuru, ila Galt ameyabadilisha majina na mwaka. Watu wa Ayrshire walioisoma riwaya mwaka 1821 bila shaka walikitambua kisa hicho.

Dunia inapoingia kijijini

Yapo maandishi mengi ya kijiji yanayokichora kijiji kama kisiwa. Dalmailing si kisiwa. Mjane mmoja, Bi. Malcolm, analea watoto watano kwa kusokota nyuzi. Mwanawe Charles anakwenda Irville akiwa kijana mdogo, anapanda meli ya biashara ya tumbaku ya Virginia, na miaka inavyopita anakuwa ofisa katika jeshi la majini. Mwaka 1782 inafika habari kwamba meli za Uingereza zimezishinda za Ufaransa. Ni habari ya shangwe kwa kijiji kizima. Lakini Charles ameuawa katika vita hivyo, na ni Balwhidder anayepaswa kumwendea mama. Hapa mzee wetu mpenda sifa anaacha kujitazama. Simulizi inakuwa fupi, karibu kavu. Mama hapigi kelele. Tunaiona sehemu hii kuwa kilele cha riwaya, na ni kilele kilichopatikana bila neno hata moja la kutuambia tuhuzunike.

Kisha yanakuja mabadiliko makubwa zaidi. Mwaka 1788 Bwana Cayenne, mtu mwenye hasira za ghafla aliyekimbia kutoka Marekani baada ya kuwa upande wa mfalme katika vita vya uhuru, anashiriki kujenga kiwanda cha pamba kando ya mto, na mji mpya, Cayenneville, unaota pale palipokuwa na malisho. Si jambo la kubuniwa: huko Catrine, Ayrshire hiyohiyo, kiwanda cha aina hiyo kilianzishwa mwaka 1787. Pamoja na mashine yanakuja magazeti kutoka London, duka la vitabu, wafumaji wanaojadili Mapinduzi ya Ufaransa, na hatimaye nyumba nyingine ya ibada ambayo si ya mchungaji wetu. Parokia aliyoingia kwa dirisha inamponyoka kupitia mlango wa kiwanda.

Mwaka 1808 kiwanda kinafilisika. Msimamizi mmoja na mkewe, watu waliokuwa na heshima zao, wanakutwa wamekufa kwa kujiua, wakiwaacha watoto wao wadogo. Balwhidder anasimulia kwa mshtuko. Hana nadharia ya uchumi. Anachojua ni kwamba zamani mtu wa parokia alipokosa chakula, wazee wa kanisa walijua mlango wa kugonga. Sasa watu mamia wanategemea biashara ambayo mlango wake hauko katika parokia. Galt ameonyesha, kupitia kwa mzee asiyeelewa, jambo ambalo wachumi wa wakati wake walikuwa wakiliandikia vitabu.

Suala la lugha

Kwa sisi walimu wa lugha, hapa ndipo penye uzito. Tangu Uskoti ilipoungana na Uingereza mwaka 1707, Waskoti wasomi waliona aibu kuandika Kiskoti. Kiingereza cha London ndicho kilichofungua milango ya kazi na heshima. Walichapisha orodha za maneno ya kuepuka ili mtu asitambulike kwamba katoka kaskazini. James Beattie, mwalimu wa falsafa huko Aberdeen, alitoa orodha kama hiyo mwaka 1787. Na mmoja wa waliomtangulia, katika kitabu cha mwaka 1782, alikuwa Sir John Sinclair yuleyule wa maswali 160.

Tunaomba wenzetu watafakari jambo hilo. Mtu aliyetaka kujua kila kitu kuhusu kila parokia alikuwa ameanza kwa kuwafundisha watu wake waache maneno ambayo parokia ilijielezea kwayo. Hatusemi alikuwa mtu mbaya; alitaka Waskoti wafanikiwe. Sisi pia tunataka wanafunzi wetu wafanikiwe, na kalamu nyekundu tunaishika kwa nia njema.

Galt alichagua njia nyingine. Balwhidder anajitahidi kuandika Kiingereza cha vitabuni, na mara nyingi anafaulu, lakini maneno ya nyumbani yanapenya. Kanisa lake ni kirk, kijiji ni clachan, watoto ni bairns. Galt hatoi faharasa katikati ya simulizi wala hasimami kueleza. Neno linawekwa mahali ambapo kitu chenyewe kinaonekana, na msomaji wa mbali analielewa kwa kulitazama likifanya kazi. Zaidi ya hayo, kiwango cha Kiskoti kinapanda na kushuka kulingana na moyo wa msemaji. Balwhidder anapotaka kuonekana msomi, sentensi zake zinajivuta. Anapoguswa, anarudi kwa mama yake. Hiyo si dosari ya mtindo. Ndiyo mtindo wenyewe, na ndiyo unaotufanya tumwamini.

Hatutaki kueleweka vibaya. Hatusemi kwamba mwanafunzi achanganye lugha ovyo kisha adai anamfuata Galt. Mwanafunzi asiyejua "mteremko" kwa Kiswahili na kuweka neno la kwao kwa sababu ya uvivu anastahili kalamu nyekundu. Tofauti ni hii: je, Kiswahili kina neno linalobeba kitu kilekile? Kikiwa nalo, litumike. Kikiwa hakina, kulazimisha neno la karibu ni kusema uongo kwa sarufi sanifu.

Kasoro za riwaya

Riwaya hii haikosi kasoro, na nyingine si ndogo. Kwanza, umbo la mwaka kwa mwaka linakata nyuzi. Mhusika anayetuvutia anapotea kwa sura nne, kisha anarudi kwa mstari mmoja. Ipo miaka ambayo Balwhidder hana la kusema na bado anaandika. Msomaji asiye na subira atachoka.

Pili, wanawake wanaonekana kwa jicho la mchungaji tu. Ameoa mara tatu, na kila mke anafungiwa katika sifa moja. Bi. Malcolm, ambaye kwa maoni yetu ndiye nguzo ya kitabu, hasemi sana. Ukimya wake unasifiwa mno hata tunashuku kwamba unamfaa msimulizi kuliko unavyomfaa yeye.

Tatu, na hili ndilo zito, dirisha la Balwhidder halifiki mbali vya kutosha. Meli ya Charles ilibeba tumbaku ya Virginia, na tumbaku hiyo ilikuwa ikilimwa na watumwa walionyakuliwa Afrika pamoja na wazao wao. Pamba iliyosokotwa katika viwanda vya Uskoti miaka hiyo ilitoka kwa wingi katika mashamba ya namna hiyo ya visiwa vya Karibi, na baadaye ya Marekani ya kusini. Ustawi wa parokia ulikuwa na mizizi huko. Riwaya inatuonyesha meli ikitoka na kiwanda kikijengwa, lakini haitufikishi shambani. Mtu anaweza kumtetea Galt kwa kusema kwamba mchungaji wa kijijini asingeyajua hayo. Utetezi huo tunaukubali nusu. Katika mambo mengine Galt anatuwezesha kuona kile asichokiona Balwhidder, kama katika kisa cha jaa na barabara. Katika jambo hili hatuwezeshi. Upofu wa msimulizi na upofu wa mwandishi umekuwa kitu kimoja.

Tunajifunza nini?

Kiswahili si kigeni katika kazi ya aina hii. Khabari za Pate zinasimulia mji mmoja mtawala kwa mtawala. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi kuhusu Usambara na ukoo wake wa kitawala. Katika riwaya, Kezilahabi aliviweka vijiji vya Kisole na Bucho mbele yetu katika Gamba la Nyoka mwaka 1979, na kwa kupitia vijiji hivyo tukaiona siasa ya vijiji vya ujamaa ilivyofika kwa watu. Tatizo ni kwamba kazi hizi tunazisomesha kama maandishi ya kutahiniwa, wala hatuzisomeshi kama mifano ya namna ya kuandika.

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wanaotoa kazi ya historia ya kijiji. Kwanza, mwanafunzi asipewe orodha ya vichwa vya habari kama ya Sinclair peke yake. Apewe pia sharti la mwaka, achague miaka mitano na aeleze lililobadilika katika kila mmoja, hata likiwa dogo kama chai. Pili, aeleze yeye amesimama wapi: ni mtoto wa nani, aliona nini mwenyewe, na nini aliambiwa. Tatu, aruhusiwe maneno machache ya lugha ya kwao, kwa sharti kwamba kila moja liwekwe mahali ambapo msomaji wa Tanga au Bujumbura atalielewa bila tafsiri.

Hitimisho

Kwa kuihukumu kwa jumla, Annals of the Parish ni kazi inayofaa kusomwa na kila mwalimu anayefundisha uandishi, licha ya upofu wake kuhusu chanzo cha utajiri wa parokia. Imetuonyesha kwamba mahali padogo hapahitaji kupambwa ili paingie katika maandishi. Panahitaji msimulizi anayejulikana na maneno yake yenyewe.

Tulimwita yule mwanafunzi, tukamwambia kwamba sahihisho letu limefutwa na alama zake zimerudi. Kisha tukamuuliza yule mtu aliyejificha ngoma ilipolia alikuwa nani, maana katika kazi yake alikuwa "mtu mmoja" tu. Akacheka, akatazama chini.

"Alikuwa babu yangu, mwalimu. Niliona si vizuri kumweka kwenye historia."

Tukamrudishia karatasi zake, tukamwomba aandike upya ukurasa wa tatu na amtaje babu.